Reflekta kwa kazi za juani na za ghalani: kizibao, fulana, shati au ovaroli?

Mnunuzi akitafuta reflekta kwa ajili ya kikosi kinachofanya kazi penye joto kali, karibu kila muuzaji humwonyesha kwanza kizibao cha neti, kwa hoja kwamba ni chepesi, kinapitisha upepo na kinamtosha kila mtu. Baada ya kusimamia ugawaji wa mavazi haya kwa wafanyakazi wa barabarani, wa yadi za kontena na wa maghala, nimefikia uamuzi tofauti. Kwa mtu anayeshinda juani, linalofaa zaidi ni shati jepesi la mikono mirefu ambalo lenyewe ndilo reflekta, likivaliwa bila kitu kingine juu yake, na kizibao kibaki kuwa cha wageni, cha madereva wanaoshuka garini kwa muda mfupi, na cha baadhi ya kazi za ghalani nitakazozieleza. Vazi la aina hii hupimwa na kupewa daraja likiwa limefungwa mwilini na tepe zake za kuakisi mwanga zikizunguka kiwiliwili pande zote. Likiachwa wazi kifuani saa nane mchana kwa sababu mvaaji anaungua, daraja lililoandikwa kwenye lebo halimlindi tena, hata kama cheti ni halali.

Lebo yenyewe isomwe kabla ya kuulizia bei. Vazi linalofuata EN ISO 20471, kiwango cha kimataifa cha mavazi ya kumfanya mtu aonekane kwa urahisi, huwa na mchoro mdogo wa kizibao na pembeni yake tarakimu ya daraja: 1, 2 au 3. Daraja la 2 linadai angalau mita za mraba 0.50 za kitambaa cha rangi kali na 0.13 za utepe. Daraja la 3 linadai 0.80 na 0.20, na upana wa tepe usipungue milimita 50. Kiambatisho cha kiwango hicho kinaelekeza daraja la 3 mahali ambapo magari hupita kwa mwendo unaozidi kilomita 60 kwa saa. Vilevile daraja hilo haliwezi kufikiwa na kizibao pekee, kwa kuwa pamoja na kufunika kiwiliwili ni lazima pawepo mikono yenye tepe au miguu ya suruali yenye tepe. Muuzaji anayenadi kizibao kisicho na mikono kuwa ni cha daraja la 3 la kiwango hicho hahitaji kusikilizwa zaidi.

Kiwango cha Marekani, ANSI/ISEA 107 katika toleo lake la 2020, huanza kwa kugawa mavazi kulingana na mahali pa kazi, yaani O kwa kazi za nje ya barabara, R kwa kazi za barabarani na P kwa askari na waokoaji, kisha ndipo yanapokuja madaraja. Australia na New Zealand, kwa kiwango cha AS/NZS 4602.1, hutumia D kwa mchana, N kwa usiku na D/N kwa vyote viwili. Mgawanyo huu wa mwisho una mtego kwa anayenunua kwa ajili ya mahali penye joto: mashati ya D ni mepesi na ya kupendeza kwa sababu hayalazimiki kuwa na utepe wowote, na yakichanganywa stoo na mengine, huishia kwenye mwili wa mtu wa zamu ya usiku. Kuhusu CE, alama ya bidhaa zinazoruhusiwa kuuzwa katika Umoja wa Ulaya, kumbuka kwamba mavazi haya yako katika kundi la II la vifaa vya kujikinga chini ya kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2016/425, na hivyo ni lazima yapimwe na taasisi iliyoidhinishwa. Omba nakala ya cheti cha upimaji, na uhakikishe kwamba namba ya modeli iliyo kwenye cheti ndiyo iliyo shingoni mwa shati ulilolishika, si ya shati la kaka yake.

Rangi na utepe hufanya kazi mbili tofauti, na wanunuzi wengi hudhani ni moja. Kitambaa cha rangi kali hufyonza mionzi ya urujuanimno na mwanga wa mawimbi mafupi, kisha huutoa kama mwanga unaoonekana kwa jicho, na ndiyo maana huonekana kama kinawaka wakati wa mawingu au magharibi, saa ambazo nguo nyingine zimeanza kufifia. Jua likishazama kabisa hakina msaada. Hapo kazi huchukuliwa na utepe, ambao kwa shanga zake ndogo za kioo au vichembe vyenye umbo la prizimu huurudisha mwanga kule ulikotoka. Anayeuona ni yule ambaye chanzo cha mwanga kiko karibu na macho yake, kama dereva na taa za gari lake, na si msimamizi aliyesimama kando. Kuhusu rangi, jicho la mwanadamu mchana huona vyema zaidi karibu na njano inayoelekea kijani, kwa hiyo hiyo ndiyo chaguo la kawaida; lakini kikosi kinachofyeka kando ya barabara, katikati ya majani mabichi, kinahitaji rangi ya chungwa.

Sasa nirudi kwenye kizibao cha neti. Tatizo lake la kwanza ni kwamba huvaliwa juu ya nguo nyingine, na mwili unaotoa jasho hauna haja ya tabaka la pili. Kiwango cha ISO 7243, kinachotumika kukadiria mzigo wa joto kazini, huelekeza kwamba mtu akivaa tabaka mbili za nguo zilizofumwa, nyuzi joto 3 za selsiasi ziongezwe kwenye kipimo cha joto la mahali kabla ya kuamua afanye kazi kwa muda gani. Kizibao hakina mikono, kwa hiyo hakistahili nyongeza hiyo yote, lakini mwelekeo ni ule ule. Tatizo la pili ni kwamba neti hupitisha jua kama inavyopitisha upepo, na chini yake mfanyakazi huvaa chochote alichotoka nacho nyumbani, mara nyingi singlendi, huku mabega na mikono ikiachwa wazi. La tatu linaonekana ukikikagua kilichokwisha kutumika: velkro ya mbele imejaa nyuzi na vumbi hadi haishiki tena, na kizibao kinapepea pande zote mbili kama mapazia. Ukilazimika kukinunua, chukua chenye zipu kwa kazi za nje.

Fulana ya poliesta ya mikono mifupi ndiyo wafanyakazi wanayoichagua wakiachiwa hiari, na ninawaelewa. Hukauka upesi, haigandi mwilini ikiwa imefumwa kwa vitundu vidogo, na rangi yake hudumu kuliko ya pamba. Kinachoiharibu mara nyingi ni utepe. Tepe nzima iliyoshonwa kwenye kitambaa laini hugeuka mkanda mgumu usiopitisha hewa, na ukiigeuza fulana hiyo ndani nje baada ya zamu utakuta mstari wa chumvi umefuata ukingo wa utepe kuanzia ubavu mmoja hadi mwingine, sawasawa na mahali ambapo mvaaji analalamika kuwashwa. Tepe zilizobandikwa kwa joto zikiwa zimekatwakatwa kwa vipande vidogo vyenye nafasi katikati hujikunja pamoja na kitambaa na kuruhusu jasho litoke. Gharama yake hulipwa kwenye ufuaji, kwa sababu vipande hivyo huanza kubanduka mapema kuliko utepe wa kushona, hasa panapotumika mashine za kiwandani. Ninaikubali fulana hii kwa kazi za kivulini. Kwa kazi za juani inaacha mikono wazi kuanzia kiwiko, na hilo kwangu linatosha kuikataa.

Hivyo tunafika kwenye shati la mikono mirefu, ambalo wengi hulikataa kwa macho kabla ya kulivaa. Mikono mirefu huonekana kama nyongeza ya joto, ilhali kivuli anachojitwalia mvaaji juu ya ngozi yake ni cha thamani kuliko upepo kidogo anaoukosa, mradi kitambaa ni chepesi na shati ni pana kiasi cha kuruhusu hewa izunguke. Tafuta matundu ya hewa chini ya kwapa na mpasuo uliofunikwa mgongoni, mahali ambapo jasho hujikusanya. Tafuta pia kipimo cha kinga dhidi ya jua, UPF, kilichotolewa kwa kiwango kama AS/NZS 4399. Alama ya 50+ kwa shati la mikono mirefu ni ahadi ya kweli zaidi kuliko alama hiyo hiyo kwenye fulana inayoacha nusu ya mkono nje. Kuhusu pamba tupu, nashauri tahadhari. Ni rafiki wa ngozi, lakini rangi kali haishiki vizuri kwenye pamba, na shati linaloshinda juani hupauka upesi hadi njano yake ikawa ya maziwa. Mchanganyiko uliofumwa ili poliesta iliyobeba rangi ibaki upande wa nje na pamba ibaki upande wa ndani ndio ulionishawishi zaidi. Wachomeleaji na wanaokaa karibu na cheche wasihusishwe na ushauri huu, kwani poliesta huyeyuka na kuganda kwenye ngozi; wao wanahitaji mavazi yaliyopimwa pia dhidi ya moto, kwa mfano kwa EN ISO 11611.

Suruali ni njia ya kufikia daraja la juu bila kuongeza kitu kifuani, na naona haitumiki inavyostahili. Katika kiwango cha Marekani hesabu yake imepangwa waziwazi: kizibao au fulana ya daraja la 2 kwa kazi za barabarani ina angalau inchi za mraba 775 za kitambaa cha rangi kali, suruali ya daraja la E, yaani la suruali za kuvaliwa pamoja na vazi la juu, ina 465, na jumla yake ni 1,240, kiasi kile kile kinachodaiwa na daraja la 3. Katika EN ISO 20471 hesabu haitoshi yenyewe, kwa kuwa viwango vya chini vya daraja la 2 (shati) na la 1 (suruali), yaani 0.50 na 0.14, vikijumlishwa ni mita za mraba 0.64 tu, kwa hiyo shati na suruali vihesabiwe kuwa daraja la 3 pale tu mtengenezaji anapoandika kwamba modeli hizo mbili zimeidhinishwa kuvaliwa pamoja. Ovaroli nzima nayo hufikia daraja la 3 kwa urahisi, lakini penye joto hainivutii: wakati wa mapumziko hushushwa hadi kiunoni, mikono ikafungwa kama mshipi, na mtu huyo huyo akakatiza yadi akiwa na nusu ya vazi.

Ghalani mambo hubadilika. Utepe unahitaji taa za kuuangaza, na foklifti inayozunguka mchana bila kuwasha taa za mbele haipati faida yoyote kutoka kwenye tepe za mtu anayetokea kati ya rafu; kinachobaki ni rangi. Rangi nayo inategemea kwa sehemu mionzi ya urujuanimno, ambayo ni haba chini ya taa nyingi za LED, kwa hiyo shati lililowaka mlangoni hupungua mng'ao mwisho wa ujia. Mihimili ya rafu za paleti mara nyingi ni ya chungwa, na mfanyakazi wa chungwa mbele yake humezwa; hapo ninachagua njano bila kusita, na ninadai taa za foklifti ziwashwe muda wote. Jua halimo, hivyo fulana ya mikono mifupi inatosha. Karibu na mikanda ya kusafirishia mizigo, kizibao kinachopwaya ni hatari, isipokuwa kile kilichoundwa kuachia mabegani na ubavuni kinaponaswa, na hiyo ndiyo kazi pekee ambayo velkro ninaipendelea kuliko zipu.

Jambo moja huvuruga oda nzuri mara kwa mara: jina la kampuni mgongoni. Eneo lililofunikwa na chapa halihesabiwi kama kitambaa cha rangi kali, na vazi lililonunuliwa likiwa kwenye mpaka wa daraja lake hushuka baada ya kuchapishwa. Mtoa huduma mmoja wa uchapaji aliwahi kuturudishia shehena nzima ya mashati yenye maandishi makubwa yaliyopita juu ya utepe wenyewe. Nembo iwe ndogo, iwekwe kifuani, na mtengenezaji aulizwe kwanza.

Lebo pia hutaja mara ngapi vazi limepimwa kufuliwa. Idadi hiyo inahusu uwezo wa kuhimili ufuaji, na haisemi lolote kuhusu kupauka kwa jua, ambako penye joto hutangulia. Klorini huua rangi. Dawa ya kulainisha nguo huziba uwezo wa kitambaa kufyonza jasho. Pasi ya moto huharibu tepe. Nguo zianikwe kivulini zikiwa zimegeuzwa ndani nje. Ninahifadhi shati moja jipya la kila oda ndani ya kabati, na lile linalotumika hulinganishwa nalo dirishani, kisha yote mawili hutundikwa gizani na kumulikwa kwa tochi iliyoshikwa kando ya jicho. Lililofifia waziwazi hukatwa tepe zake kabla ya kutupwa kwenye matambara, la sivyo wiki inayofuata utalikuta limevaliwa tena getini.