Darubini ya 8x42 na lenzi ya mkononi ya 10x: ipi uibebe Saiwa?

Vifaa hivi vimelinganishwa kwa kazi mbili za Saiwa, ile hifadhi ndogo ya kinamasi karibu na Kitale inayotembelewa kwa miguu tu: kumtafuta karasinga, yaani kima wa De Brazza, na kuangalia laikeni, yale madoa yaliyoota kwenye magome ya miti.

Karasinga akihisi hatari mara nyingi hakimbii. Hujikausha kimya kwenye tawi, na jicho tupu humpita. Kinachomfichua ni utepe wa rangi ya chungwa kwenye paji la uso na ndevu nyeupe. Chini ya miti kuna giza, kwa hiyo usivutiwe na darubini ya mfukoni ya 10x25. Namba ya kwanza ni mara inavyokuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya 25 kwa 10: milimita 2.5, ndio upana wa mwanga unaofika jichoni. Ile ya 8x42 inatoa 5.25, na hapo ndevu zinaonekana. Iwe imezibwa vizuri isiingie unyevu, la sivyo kuvu huota ndani na kula tabaka jembamba lililopakwa kwenye vioo.

Lenzi ya 10x hulaumiwa bure. Watu huishika mbali kama wanaosoma gazeti, wakaona ukungu mtupu. Iweke karibu kabisa na jicho, kisha sogeza uso mpaka lenzi iwe kama sentimita 2.5 kutoka kwenye gome. Dondoshea laikeni tone la maji: ngozi yake ya kuvu inaanza kupenyeza mwanga, na mwani wa kijani unaoilisha unajitokeza. Kumbe lile "doa" ni viumbe wawili wanaoishi pamoja! Usiibandue, nyingi hukua milimita chache tu kwa mwaka.

Kima akikatiwa msitu, kukiwa na miti ya kupitia, anaweza kuhamia kando ya mto mwingine. Laikeni haiendi popote. Laikeni iitwayo Cladonia perforata ya Florida, iliyoingizwa kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini mwaka 1993, huenea kwa vipande vinavyomeguka, na mawimbi ya kimbunga Opal mwaka 1995 yalisomba sehemu ilikoota. Tena haina uso wa kumtia mtu huruma.

Pesa zikitosha kimoja, nunua lenzi. Bei yake ni sehemu ndogo ya ile ya darubini, na bila hiyo laikeni huijui kabisa. Aliye na darubini pekee aigeuze: achungulie kupitia kioo kikubwa, kile kidogo kikikaribia kugusa gome. Picha itakuwa finyu, lakini inakuza.