NVDA kwenye leptopu ya mtumba: kinachochelewa si sauti

Sioni, na kazi yangu ni ya hesabu katika ofisi moja hapa Upper Hill, Nairobi. NVDA, programu ya kunisomea skrini, iko kwenye leptopu ya mtumba niliyoinunua Luthuli Avenue. Ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye naye haoni.

Kwenye kivinjari ni nyepesi ajabu: nikigusa mshale tu, inasema. NVDA hupenyeza kipande chake ndani ya kivinjari chenyewe, kikaukusanya ukurasa mzima humo humo. Nikishuka mstari kwa mstari, inachota kwenye hifadhi hiyo kwa maswali machache tu.

Shida huanza nikifungua programu yetu ya hesabu (jina nalihifadhi). Hapo NVDA imebaki nje, inabisha hodi. Kila seli ya jedwali inahojiwa: jina lako? wewe ni kitu gani? umechaguliwa? uko ndani ya nini? Kila swali linavuka kutoka prosesi moja (yaani programu inayoendeshwa) hadi nyingine, na la pili haliondoki kabla la kwanza halijajibiwa. Ni kumtuma mtoto dukani alete chumvi, arudi, ndipo umtume sukari. Swali moja kwa kawaida halifiki hata milisekunde, lakini yakiwa mamia nimeshavuka safu nzima na sauti bado iko nyuma. Tena programu ikiwa inavuta data kutoka seva, maswali yote yanapanga foleni.

Kijana wa IT aliniambia, "Ongeza RAM, mzee." Tukaongeza. Uvivu ukabaki ule ule.

Kilichonisaidia ni rekodi (log) ambazo NVDA huandika za kazi yake. Weka kiwango cha kurekodi kionyeshe vitufe na usemi, kisha fungua kwa kitufe cha NVDA pamoja na F1. Kila tukio lina saa yake hadi milisekunde, kwa hiyo unaona pengo kati ya kubonyeza na kusema. Kwenye kivinjari lilikuwa dogo, kwenye jedwali letu kubwa mno, na sauti ya kompyuta ilikuwa eSpeak NG ile ile kote. (Kiswahili chake kinakwaruza kama roboti, ila hakisitisiti.)

Tiba ipo: UI Automation, njia ya Windows ya kuziuliza programu kilichomo kwenye skrini zao, inaruhusu sifa nyingi ziombwe kwa mkupuo mmoja, mradi programu iliyoulizwa ijibu upesi. Rekodi hizo nimewatumia waliotuuzia programu, wakasema watalitazama kwenye toleo lijalo. NVDA naipa nyota nne. Yao sijaipa hata moja.