Miwani ya kinga kwa fundi mwenye miwani ya namba: ipi ununue kwanza

Fundi mwenye macho mazima hana mtihani mkubwa. Anaingia duka la vifaa vya ujenzi baina ya Darajani na Mlandege, hapa Zanzibar, anachukua miwani ya plastiki ya bei ya chini, anatia mfukoni, kazi imekwisha. Mtihani ni wa yule ambaye bila ya miwani ya namba haoni mstari wa penseli juu ya ubao. Akiivaa ya dukani juu ya yake, inambana masikio na kumkandamiza pua. Akivua yake, anakata kwa kubahatisha. Mwisho anajiambia kwamba hii ya namba inatosha, kwani si ni miwani pia?

Haitoshi. Marekani miwani ya kawaida ya kuonea hupimwa kwa kuiangushia gololi ya chuma ya gramu 16 hivi kutoka kimo cha sentimita 127. Gololi hiyo inafika kwenye lenzi kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde. Sasa chukua grenda ndogo, ya diski ya milimita 115 inayozunguka mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wa diski ile unakwenda mita 66 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 240 kwa saa. Kipande kikimeguka, ndiyo kasi kinayoondoka nayo. Na hata lenzi ikihimili, fremu ya kawaida ina mfereji mwembamba ulioshika lenzi, kwa hiyo ikipigwa kwa mbele lenzi huchomoka na kurudi nyuma. Nyuma kuna jicho.

Wanaochonga milango watasema wao hawatumii grenda. Kweli, lakini tizama kichwa cha tindo ya zamani, kilivyopigwa nyundo mpaka kikafumuka na kuota masharubu ya chuma. Kila pigo linaweza kung'oa unywele mmoja, na unywele wa chuma ukipenya jichoni mara nyingine hauumi kiasi cha kumtisha mtu. Anasugua, anaendelea na kazi, na chuma kimo ndani. Wapigao misumari ya majahazi kule Nungwi wamo katika hesabu hiyo hiyo.

Kabla ya bei, soma maandishi

Miwani ya kinga ya kweli ina alama zilizochapwa kwenye lenzi na kwenye fremu. Kama hakuna alama, hiyo ni miwani ya urembo, hata kama karatasi yake imechorwa fundi mwenye kofia ngumu.

Alama za Ulaya zinafuata kiwango cha EN 166, na herufi ndizo za kushika. F maana yake imepigwa gololi ya milimita 6 kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde ikahimili. B ni mita 120, na A ni mita 190. Hapa pana jambo ambalo muuza duka hatakwambia: miwani yenye mikono ya kukaa masikioni, hata iwe ghali vipi, katika kiwango hicho haipandi juu ya F. B inapatikana kuanzia miwani ya mkanda inayoziba pande zote, na A ni ya ngao ya uso tu. Rudi kwenye ile mita 66 ya grenda, utaona kwa nini F peke yake hainitoshelezi mbele ya diski. Na kama lenzi imeandikwa B ila fremu imeandikwa F, hesabu F. Siku hizi utakuta pia vifaa vyenye alama za kiwango kipya cha ISO 16321, ambacho Ulaya inakihamia.

Alama za Marekani ni Z87. Ikiwa na kijumlisho, Z87+, imepita jaribio la kupigwa kwa kasi. Ikiwa ni Z87-2+, basi ni miwani ya namba iliyotengenezwa kwa kiwango hicho, na hiyo ndiyo yetu.

Nafasi ya kwanza: miwani ya kinga yenye namba yako

Kwa anayeshinda karakana kila siku, hii ndiyo ya kuweka pesa. Fremu yake ni ya kazi, ina vikinga vya pembeni visivyotoka, na lenzi imekatwa kwa cheti chako mwenyewe cha kupimwa macho. Hakuna miwani mbili kugongana wala ukungu baina ya tabaka na tabaka. Zaidi ya hapo, utaivaa. Kinga nyingi hufeli kwa sababu zimebaki msumarini ukutani.

Lenzi iwe ya polikaboneti au Trivex, usikubali nyingine. Polikaboneti ni plastiki inayopinda kabla ya kuvunjika, na kwa asili yake inazuia karibu miale yote ya urujuanimno ya jua. Kasoro yake ni kwamba inakwaruzika upesi, na mwenye namba kubwa akitazama kwa pembeni ataona rangi kidogo kwenye kingo za vitu. Trivex, plastiki nyingine iliyotoka mwaka 2001, inaonyesha safi zaidi na ni nyepesi, lakini kwa namba kubwa inakuwa nene kuliko polikaboneti. Kwa namba ndogo ningechukua Trivex kama ipo, na kwa namba kubwa polikaboneti. Zile lenzi nyembamba sana za gharama, zenye kipimo cha kupinda mwanga cha 1.67 au 1.74, ni nzuri kwa harusi, si kwa karakana. Lenzi za kioo cha kweli usizilete karakana kabisa.

Duka la miwani likikwambia lenzi inaagizwa Dar es Salaam, subiri, ila fremu ichague mwenyewe na uione alama kwa macho yako. Polikaboneti ndani ya fremu ya kawaida ni kazi nusu. Na kama cheti chako ni cha zamani, kapime kwanza, kliniki ya macho ya Mnazi Mmoja au popote penye mpimaji, maana namba ikibadilika mwezi ujao umelipa bure.

Mwenye jicho moja tu linaloona vizuri asishuke chini ya nafasi hii. Hata miwani yake ya barabarani iwe ya polikaboneti.

Nafasi ya pili: miwani ya mkanda

Ile kubwa, laini pembeni, yenye mkanda wa mpira kuzunguka kichwa. Wengi wangeipanga nyuma ya ile ya plastiki ya kuvalia juu ya miwani ya namba, kwa kuwa ina joto na sura yake haipendezi. Mimi naipandisha kwa sababu tatu: inafika B, inaingia juu ya fremu kubwa kuliko ile ya kuvalia juu, na inaziba.

Kuziba ndiko kunakoihusu Zanzibar hasa, kwa sababu ya chokaa. Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukarabati wake unataka chokaa ile ile, kwani saruji inaubana unyevu ndani ya kuta za zamani na kuzila. Chokaa iliyoloweshwa ni kali mno, inaunguza jicho kwa kuingia ndani, hata pale maumivu ya mwanzo si makubwa. Mwashi anayepaka dari huku chokaa inamdondokea hana kazi na miwani ya mikono. Atafute miwani ya mkanda yenye alama ya 3 kwenye fremu, ya vimiminika, na 4 kama kuna vumbi. Vitundu vya hewa viwe vile vilivyofunikwa. Vitundu vya moja kwa moja unavyoweza kupitisha njiti ya kiberiti vitapitisha chokaa pia. Na ikishaingia, maji safi hapo hapo, mengi, kwa dakika 20 au zaidi, kope zimefunuliwa, ndipo hospitali.

Ukungu ndio lawama kubwa ya miwani hii, na katika masika ya Unguja lawama hiyo ina haki. Tafuta herufi N kwenye lenzi, maana yake imepakwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo usiisugue kwa kanzu. Miwani yako ya ndani nayo inataka kutunzwa: tone la sabuni ya maji, paka pande zote mbili, futa taratibu mpaka ing'are, utapata saa kadhaa. Kitambaa cha paji la uso kinasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwani jasho ndilo linaloanza.

Kwa wazee wa patasi

Hii nimeitoa kwenye safu kwa sababu kwa baadhi ya watu ingekuwa ya kwanza bila ubishi. Mtu aliyepita miaka 40, anaona mbali vizuri, ila ua la mlango linamwingia ukungu akilikaribia, hahitaji miwani ya namba ya gharama. Anahitaji miwani ya kinga yenye kipande cha kusomea sehemu ya chini ya lenzi. Zinauzwa tayari, +1.50, +2.00, +2.50, zenye alama ya Z87+ na vikinga vya pembeni. Ni za bei ndogo, na akikalia moja ananunua nyingine.

Ila asichukue namba ya kusomea msahafu akadhani ndiyo ya kazi. Kitabu hushikwa sentimita 40 kutoka machoni, na mlango uliolazwa mezani uko kwenye 60 au 70. Tofauti hiyo inakaribia namba moja nzima: anayehitaji +2.50 kwa kitabu huenda +1.50 ikamfaa kwa ubao. Apime kwa kamba umbali wa kweli baina ya jicho na patasi, aende na kipimo hicho kwa mpimaji. Fundi umeme au wa dari, kwa upande wake, kipande cha chini hakimsaidii, kwani anatazama juu.

Nafasi ya tatu: miwani ya kuvalia juu ya miwani

Pana, nyepesi, na ndiyo iliyojaa madukani. Ni nzuri kwa msimamizi anayepita, mteja aliyekuja kuona kitanda chake, mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Kwa randa, msasa wa mkono na kuchimba tundu kwa drili inatosha.

Usiinunue bila ya kuijaribu ukiwa na miwani yako usoni. Inama, tikisa kichwa, cheka. Ikigusa lenzi zako popote, iache, maana pigo la nje litapita moja kwa moja hadi kwenye fremu ya ndani. Mikono yake ikikaa juu ya mikono ya fremu yako, kufika adhuhuri utakuwa na kichwa kinachouma. Halafu tizama juu ya nyusi: uwazi wa upana wa kidole pale ni mlango wa vumbi.

Nafasi ya nne: miwani ya shabaha yenye lenzi ya ndani

Vijana huziagiza mtandaoni, miwani ya walenga shabaha na ya kijeshi, ina kioo kimoja kilichopinda kwa mbele na kijifremu kidogo cha namba kinachobanwa kwa ndani. Ubora wake si wa kubishania. Kiwango cha jeshi la Marekani, MIL-PRF-32432, kinaipiga kwa kipande cha chuma chenye uzito chini ya nusu gramu kwa mwendo wa karibu mita 200 kwa sekunde. Uwanja wa shabaha unadai hivyo, kwa kuwa mabaki ya risasi hurudi kutoka kwenye chuma na maganda ya moto huruka ovyo.

Mbona basi iko ya nne? Kijifremu kile kiko karibu na kope, jasho linakirukia, na unyevu wetu unajaza ukungu baina ya vioo viwili usikoweza kufuta bila ya kufungua. Halafu namba kubwa hazikai vizuri ndani yake. Ukiitaka, hakikisha duka la miwani lako limekubali kukata lenzi za kijifremu hicho kabla hujalipa. Rangi ya njano haiongezi kinga yoyote, na lenzi nyeusi ndani ya karakana ya uchochoroni ni hatari yenyewe.

Za kuacha

Vikinga vya pembeni vya kubandika kwenye miwani ya kawaida vinafunga dirisha na kuacha mlango wazi. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho hazikingi kitu, na vumbi la mbao likiingia chini yake utajuta. Anayezivaa avae miwani ya kinga kama asiyevaa miwani.

Ngao ya uso si mbadala wa yoyote kati ya hizi. Ni tabaka la juu yake, na kwa grenda ninaitaka iwepo hata kwa mwenye nafasi ya kwanza. Inafaa wavaa miwani kwa kuwa haigusi fremu. Mafundi wa kuchomelea nao, mask ya giza namba 10 au 11 kwa umeme, na chini yake miwani ya kinga, kwa sababu ukishainua mask kugonga takataka za chuma ndipo zinaporuka. Asiyeona karibu aulize kioo cha kukuza cha kuchomeka ndani ya mask, cha milimita 51 kwa 108, hakigharimu sana.

Ukishanunua, jambo moja linaloua miwani hizi mapema kuliko kazi yenyewe: thina. Polikaboneti ikifutwa kwa thina, petroli au asetoni hupata nyufa ndogo ndogo usizoziona, na siku ya pigo inapasuka kama haikuwa na alama. Suuza vumbi kwanza kwa maji baridi, kisha sabuni, kisha kitambaa laini. Ikiwa na mkwaruzo mkubwa mbele ya mboni, ibadilishe.