Mto Rhine niliolipia sikuuona: uzoefu wangu na wakala wa safari za treni Ujerumani

Nawaandikia wanaopanga kwenda Ujerumani kutembea kwa treni, hasa wanaofikiria kumpa wakala kazi ya kuwapangia njia. Wakala tuliyemtumia sisi, mwenye ofisi hapa Dar es Salaam, nilimweleza jambo moja tu tangu mwanzo, kwa mdomo na kwa maandishi: mama yangu ana magoti mabovu, hawezi kupanda vilima wala kuzunguka makumbusho, kwa hiyo treni yenyewe ndiyo matembezi yake, na anachotaka ni kukaa dirishani auone mto Rhine na ngome zake.

Tulichokatiwa ni tiketi za treni ya kasi kutoka Köln hadi Frankfurt. Anayeuza safari za Ujerumani hana udhuru wa kutojua kwamba reli hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2002, haifuati bonde la mto. Huuacha muda mfupi baada ya Köln, ikavikata vilima vya Westerwald na Taunus sambamba na barabara kuu ya A3, ikizama handakini na kuibuka mpaka masikio yanaziba. Mto tuliuona pale daraja la Hohenzollern, kando ya kanisa kuu, kwa muda wa kumeza funda moja la chai. Baada ya hapo ni kuta za kuzuia kelele, malori, giza, kisha malori tena. Mama alikuwa amekwisha kukifuta kioo kwa ncha ya mtandio wake na kushika simu tayari kwa picha. Tulipotoka katika handaki jingine aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, huo mto wenyewe wameuhamisha?"

Nilimpigia wakala tukiwa bado ndani ya treni. Hakutoa hata pole. "Dada, nimewapandisha treni ya kilomita 300 kwa saa, mnafika mapema, sasa unalalamikia nini? Treni ni treni." Nilipomkumbusha habari ya mama, alijibu kwamba wazee hawatosheki, akakata simu. Njia nimesamehe, au nusu yake. Neno hilo sijalisamehe.

Siku iliyofuata nilipanga mwenyewe. Tulikwenda Mainz, tukapanda treni ya mikoani ipitayo ukingo wa kushoto kuelekea Koblenz, ile isimamayo kila kijiji, na kumbe ndiyo iliyostahili kuwa kwenye ratiba tangu awali. Bacharach ilipita na mizabibu yake juu ya miteremko. Mbele ya Kaub ikatokea Pfalzgrafenstein, ngome iliyojengwa katikati ya maji ili vyombo vilipe ushuru, na mama akacheka sana kusikia kwamba kizuizi cha ushuru nacho ni kivutio cha watalii. Kwenye mwamba wa Loreley mto unabanwa, na meli za mizigo zinapinda kwa tahadhari karibu kabisa na reli. Nauli yake ilikuwa ndogo kuliko ya treni ya kasi. Anayekaa muda mrefu aitazame pia ile tiketi ya mwezi ya treni za mikoani nchi nzima, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na ambayo bei yake imepanda tangu hapo. Huuzwa kama usajili, hivyo ukumbuke kuusitisha mapema.

Haki itendeke: sehemu ya mwisho waliipanga vizuri mno. Reli ya Msitu Mweusi, tuliyopanda kutoka Offenburg kuelekea Konstanz, kazi ya mhandisi Robert Gerwig iliyokamilika mwaka 1873, hupanda mlima kwa kuzunguka badala ya kuukabili, na kabla ya Triberg unaliona chini bonde ulilopita punde. Mama hakusinzia hata kidogo. Jioni ile, tukiwa kando ya ziwa, nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu, pengine nne.

Sasa ninaandika huku ankara yao ikiwa mbele yangu, na chini ya gharama za hoteli naona mstari ambao sikuutilia maanani wakati wa kulipa: "Ada ya ushauri wa njia yenye mandhari." Nyota moja. Ada hiyo nimekwisha kuidai kwa barua, na mpaka leo sijajibiwa.