Mizani ya mkononi kwa msafiri wa ndege kutoka Mtwara: uzoefu wangu

Kati ya vitu vyote nilivyowahi kununua kwa ajili ya safari, hakuna kilichonirudishia fedha yangu upesi kama mizani ndogo ya kidijitali ya kuning'inizia begi. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 15,000, nimeitumia kwa misimu kadhaa ya korosho katika safari za kati ya Mtwara na Dar es Salaam na nyingine za kuvuka mipaka, na naona inafaa kuielezea kwa kirefu, pamoja na kasoro zake, kwa sababu wengi wanaoisifu husahau kusema kwamba mizani haimwokoi mtu asiyejua masharti ya tiketi yake.

Nianze na sababu inayoifanya iwe ya lazima kwetu kuliko kwa watu wa mikoa mingine. Zawadi za Kusini ni nzito. Mtu wa Mtwara haendi Dar es Salaam mikono mitupu, na ndugu waliokaa huko miaka mingi hawataki kusikia habari ya biskuti. Wanataka korosho, kochoko (mabibo yaliyokaushwa), ming'oko (mizizi ya porini inayoliwa kama viazi), unga wa muhogo na ng'onda (samaki wa kukaushwa). Ming'oko ikiwa mibichi ina maji na udongo, kwa hiyo mfuko unaoonekana wa kawaida hula sehemu kubwa ya kilo ulizoruhusiwa kabla hujaweka hata shati moja. Kinyago cha mpingo nacho kinadanganya macho: mpingo ni mzito kuliko maji na huzama ukiutia ndani ya ndoo, hivyo kinyago cha urefu wa kutoka kiwiko hadi vidole, kikiwa kinene kidogo, kinaweza kupita kilo tatu peke yake. Mikono yetu imezoea kukadiria vitu vya sokoni, lakini haikuzoea kukadiria sanduku lenye magurudumu, ambalo likiwa tupu tu linaweza kuwa na kilo tatu hadi tano.

Mizani yenyewe ni kitu cha kutoshea mfukoni. Ina mshikio mpana juu, kioo kidogo cha kuonyesha namba katikati, na chini yake mkanda mgumu wenye kifungo cha chuma unaopitishwa kwenye mpini wa begi. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachojipinda kidogo sana kinapovutwa, na mpindo huo hubadilishwa kuwa namba kwa umeme. Hupima hadi kilo 50, na namba ikishatulia hulia mlio mmoja kisha huishikilia, ili uweze kulishusha begi ndipo uisome. Hilo la kushikilia namba si urembo. Ukiwa umenyanyua begi la kilo 23 kwa mkono mmoja, huwezi kuinamisha shingo na kusoma huku mkono unatetemeka.

Kabla ya kuiamini niliijaribu kwa maji, na namshauri kila anayenunua afanye hivyo, maana lita moja ya maji safi ni kilo moja na haihitaji cheti cha mtu yeyote. Pima dumu la lita 20 likiwa tupu, lijaze kwa kutumia chupa za maji ya dukani ambazo ujazo wake umeandikwa, kisha lipime tena. Tofauti ya namba hizo mbili inapaswa kukaribia sana idadi ya lita ulizomimina. Yangu ilipishana kwa gramu chache zisizo na madhara. Ikikupa tofauti ya nusu kilo au zaidi, irudishe dukani siku hiyo hiyo. Ukisubiri, mwenye duka atasema umeiangusha. Jaribio hilo linafaa kurudiwa kila betri inapobadilishwa, kwa kuwa betri iliyochoka ndiyo adui mkubwa wa kifaa hiki: haizimiki ghafla, bali huanza kutoa namba zinazoyumba. Yangu inatumia betri ya duara ya aina ya CR2032, ile ile iliyomo kwenye rimoti za magari, na hapa Mtwara inapatikana kwa mafundi wa saa bila shida.

Kasoro yake ya kwanza ni kwamba inadai nguvu. Begi lazima liache sakafu kabisa na lisiguse mguu wako, na hapo ndipo wazee na wenye maumivu ya mgongo wanaposhindwa. Nyumbani kwetu tumepata njia: tunafunga kamba imara kwenye mshikio wa mizani, tunaipitisha kwenye mchi wa kinu, na watu wawili wananyanyua mchi huo kila mmoja upande wake. Begi linaning'inia katikati likiwa limetulia na namba inapatikana mara moja. Kasoro ya pili ni ufupi wa mkanda, ambao haupiti vizuri kwenye mafurushi yaliyofungwa kwa kamba wala kwenye maboksi. Kwa boksi nimeona bora kutumia mizani ya kusimamia ya kupimia uzito wa mwili: unasimama ukiwa umelibeba, unasimama tena bila ya kulibeba, kisha unatoa. Ubaya wa njia hiyo ni kwamba mizani nyingi za kusimamia za majumbani hazina usahihi wa gramu, na zikiwekwa juu ya mkeka au zulia hudanganya zaidi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mizani haiwezi kulisema. Namba 23 unayoiona kwenye kioo haina maana mpaka ujue tiketi yako inahesabu mzigo kwa njia gani, na zipo njia mbili. Katika njia ya uzito unapewa jumla, tuseme kilo 30, nawe unaweza kuigawa katika mabegi kadri kampuni inavyoruhusu. Katika njia ya vipande unapewa idadi ya mabegi, na kila begi lina kikomo chake. Ukiruhusiwa vipande viwili vya kilo 23, begi moja la kilo 26 na jingine la kilo 15 halikubaliki bila malipo hata kama jumla yake ni ndogo kuliko 46. Wasafiri wengi wanaogombana kaunta hugombana kwa sababu hii. Wanapiga hesabu ya jumla ilhali mhudumu anapiga hesabu ya begi moja moja, na kila upande unaamini kwamba unaonewa. Pamoja na hayo, kampuni nyingi hazipokei begi moja linalozidi kilo 32 hata ukiwa tayari kulipa, kwa ajili ya kuwalinda wapakiaji wanaolinyanyua, kwa hiyo begi la namna hiyo litafunguliwa mbele ya watu tu.

Jambo la pili ni safari ya kuunganisha. Anayetoka ng'ambo na begi la kilo 30, akafika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere na kushika tiketi nyingine iliyokatwa peke yake ya kuja Mtwara, anahesabiwa upya kwa masharti ya tiketi hiyo ya pili. Ikiwa tiketi zote mbili zimekatwa pamoja kama safari moja, kwa kawaida posho ya mzigo, yaani kiasi unachoruhusiwa kubeba, huandikwa kwa safari nzima, na ni busara kuisoma kwenye tiketi kabla ya kufunga begi. Wanaoendelea kwa ndege ndogo za kwenda visiwani au mbugani wawe waangalifu zaidi, kwa sababu kampuni nyingi za ndege hizo huruhusu kilo 15 tu, na hupendelea begi laini lisilo na fremu ngumu. Kanuni ninayoifuata ni kufunga mzigo kwa kipimo cha ndege yenye masharti makali kuliko zote katika safari hiyo, kisha nabakiza kilo moja chini yake. Kilo hiyo ninaiachia tofauti ya mizani, unyevu, na kile kitakachoongezwa na ndugu dakika za mwisho.

Hao ndugu wa dakika za mwisho wanastahili aya yao. Shangazi yangu wa Newala ana kawaida ya kufika asubuhi ya safari akiwa na furushi la korosho za mwanawe aliyeko Dar es Salaam, na haiwezekani kumwambia shangazi kwamba begi limejaa, kwa kuwa atatazama begi, ataona nafasi, na atanyamaza kwa namna ambayo ni mbaya kuliko kusema. Tangu nilipopata mizani, ninamwomba aliweke furushi mwenyewe, tunanyanyua pamoja, na namba inaonekana. “Haya, mwanangu, kimashine kimekataa,” husema, kisha anachagua mwenyewe cha kupunguza. Ninasema kwa dhati kwamba faida hii ya kulinda udugu ningeilipia zaidi ya hizo shilingi 15,000.

Kuhusu korosho zenyewe, beba zilizobanguliwa. Ili kupata kilo moja ya kiini huhitajika takribani kilo nne hadi tano za korosho ghafi, maana yake ni kwamba anayesafirisha zenye maganda kwa ndege analipia maganda. Ming'oko ichemshwe au ipelekwe kwa basi. Ng'onda, hata kama uzito wake ni mdogo kwa kuwa amekaushwa, afungwe tabaka kadhaa ndani ya chombo chenye kifuniko, kwa sababu harufu yake inaweza kumfanya mhudumu akatae mzigo mzima, na abiria wenzako hawatakutetea.

Begi la mkononi nalo lipimwe. Kikomo cha kawaida ni kilo saba, na wengi hulichukulia kama ghala la siri la vitu vilivyozidi kwenye begi kubwa. Ndege za panga boi zinazokuja huku kwetu zina makabati ya juu yenye nafasi ndogo, hivyo begi la mkononi lililonenepa huonekana upesi na linaweza kuchukuliwa mlangoni na kushushwa chini. Ukiona dalili hiyo, toa kwanza benki ya umeme ya simu, kwa kuwa betri za namna hiyo hairuhusiwi kukaa kwenye mzigo wa chini. Husafiri na abiria, na zile za saa-wati 100 hadi 160 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri) huhitaji idhini ya kampuni. Nguo nzito ninazivaa mwilini. Koti la baridi katika joto la Mtwara linamfanya mtu achekwe, lakini kicheko hakitozwi kwa kilo.

Pale kaunta ninafanya mambo mawili tu. Ninatazama kama mizani ya uwanjani inaonyesha sifuri kabla begi halijawekwa, na ninahakikisha begi halijaegemea ukingo wala halikugusana na mzigo wa mtu mwingine. Iwapo namba yao inapishana na yangu kwa zaidi ya nusu kilo, ninaomba kwa adabu begi lipimwe kwenye kaunta ya jirani. Mizani za kutozea fedha zinapaswa kukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, kwa hiyo ombi hilo si matusi kwa mtu yeyote. Kuna siku lilipimwa upya na namba ikashuka. Kuna siku haikushuka, nikapunguza kilichozidi nikampa aliyenisindikiza.

Wasafiri wa Lindi wananufaika zaidi na kifaa hiki kuliko sisi wa mjini Mtwara. Anayetoka Lindi kuja kupanda ndege hapa amesafiri zaidi ya kilomita 100 kwa barabara, na mara nyingi hana mtu wa kumkabidhi kilichozidi. Akizidisha, atalipa au ataacha. Mimi ninaweza kumwita dereva wa bajaji arudishe furushi nyumbani Shangani. Yeye hawezi.

Hata hivyo, wapo wasiohitaji mizani hii. Mwenye mzigo mkubwa wa kweli, kama gunia la korosho au samani, asijisumbue kupima gramu, bali aupeleke mzigo kituo cha mabasi cha Mkanaledi, uandikwe jina na namba ya simu ya mpokeaji, yeye apande ndege na begi la nguo. Kwa hesabu zangu, gharama ya kifurushi kwenye basi imekuwa ndogo sana ikilinganishwa na malipo ya kilo za ziada za ndege, na mzigo hufika kesho yake. Ikiwa ni lazima uzidishe kwa ndege, uliza mapema kama kampuni inauza kilo za ziada kabla ya siku ya safari, kwa sababu zikinunuliwa mapema mara nyingi huwa nafuu kuliko zikilipiwa kaunta.

Atakayenunua achague yenye mkanda badala ya ndoano, kwa kuwa ndoano nyembamba hukwangua mpini na, kwa hewa yetu ya chumvi, hushika kutu mapema. Aepuke zile za springi zenye mshale, ambazo namba zake zimesongamana kiasi kwamba kilo 22 na 24 zinafanana. Na akishainunua, asiiache nyumbani: iwekwe kwenye mfuko wa nje wa begi la mkononi, kwa kuwa safari ya kurudi kutoka Kariakoo na vitenge ina uzito wake.