Kuandikia Jarida la Mchezo wa Anga Ukiwa Dar es Salaam: Tathmini ya Huduma

Ipo kampuni ndogo ya Ulaya inayochapisha mchezo wa mezani wa kuigiza wenye maudhui ya sayansi ya kubuni, na ambayo hununua makala fupi za waandishi wa kujitegemea kwa ajili ya jarida lake. Jina lake naliweka kando, kwa kuwa baadhi ya ninayoyasema hapa kuhusu mkataba na malipo ni malalamiko ambayo yenyewe haijapata nafasi ya kuyajibu. Ninachokipima ni huduma: namna kampuni inavyompokea mwandishi aliye Dar es Salaam, inavyomhariri na inavyomlipa.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ya mchezo wa aina hii, mtu mmoja huwa mwamuzi, naye hueleza sayari, bandari za anga na wakazi wake, huku wengine kila mmoja akimbeba mhusika wake na kusema anatenda nini. Pale matokeo yanapokuwa na shaka, dadu huamua. Miongoni mwa michezo iliyoweka msingi wa tawi hili ni Traveller, uliobuniwa na Marc Miller na kutolewa mwaka 1977 na Game Designers' Workshop ya Normal, Illinois, nchini Marekani. Hutumia dadu mbili za kawaida zenye pande sita, jambo ambalo ni neema kwetu, kwa sababu dadu za ludo zinazouzwa Kariakoo zinatosha kabisa. Mwaka 1979 watengenezaji wake walianzisha Journal of the Travellers' Aid Society, jarida lililofikia matoleo 24 na ambalo lilikomaza desturi ya makala fupi zinazompa mwamuzi chombo kimoja, bandari moja au mkasa mmoja wa kutumia wiki hiyo hiyo. Kampuni ninayoizungumzia ina mchezo wake yenyewe, lakini jarida lake limefuata desturi hiyo.

Sifa yake ya kwanza ni masharti ya kupokea makala. Yameandikwa kwa lugha nyepesi, hayazidi ukurasa mmoja, na yanaeleza kinachotakiwa pamoja na kisichotakiwa. Mwandishi hutuma kwanza pendekezo la aya moja au mbili, si makala nzima. Makala yenyewe iwe ya maneno kati ya 1,000 na 1,500, iwe imejaribiwa mezani na kundi halisi la wachezaji, na iwe kazi ya mkono wa mwandishi, si ya programu ya kuzalisha maandishi. Historia ndefu za falme za kubuni hazipokelewi, wala hadithi zisizompa mwamuzi kitu cha kutumia. Nimewahi kusoma masharti ya majarida mengine ambayo yalikuwa na kurasa nyingi na bado yakaniacha nikibahatisha mhariri anataka nini. Haya yanamheshimu mwandishi kwa kutompotezea muda. Majibu ya pendekezo huja katika wiki chache, na hata pale wanapokataa hutaja sababu.

Uhariri ndio unaonifanya nipendekeze huduma hii kwa moyo wote. Pendekezo langu lilihusu bandari ya anga iliyo katika mfumo ambamo tufani za chembechembe kutoka kwenye nyota hubadilika kwa msimu, kiasi kwamba kwa miezi kadhaa meli huweza kuingia lakini haziwezi kutoka. Sikulitoa mbali. Pwani yetu iliishi hivyo kwa karne nyingi: kaskazi ililetea Kilwa na Zanzibar majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na wafanyabiashara walilazimika kukaa pwani mpaka kusi ianze kuvuma ndipo warudi makwao. Katika kusubiri huko watu walioa, walikopeshana, waligombana na walijenga. Kilwa Kisiwani, ambayo pamoja na Songo Mnara imo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, ni mji ambao utajiri wake hauelezeki bila pepo hizo. Wasomaji wa jarida lile wamezoea kanuni ya Traveller kwamba safari ya kuruka kati ya nyota huchukua takribani wiki moja na kwamba habari haziendi kwa kasi kuliko meli inayozibeba, kwa hiyo nilijua watalielewa wazo la biashara inayotegemea kungoja.

Mhariri hakuniomba nipunguze upwani wa makala, wala hakutaka niifanye bandari ifanane na zile za Ulaya ambazo wasomaji wake wengi wanazijua. Alichouliza, karibu kila aya, ni mwamuzi atafanya nini na taarifa hiyo wachezaji wakishakaa mezani. Rasimu yangu ilieleza kwa undani jinsi mfanyabiashara wa bandarini anavyompa nahodha bidhaa kwa mali kauli, yaani nahodha anachukua mzigo leo na kulipa akishauza, kwa kuaminiana. Mhariri alipenda utaratibu huo, kisha akataka kujua kinachotokea nahodha akikwama na mzigo unaoharibika, na mwenye mali naye ana wadai wake. Kutokana na swali hilo sehemu ya pili ya makala ilibadilika: wachezaji sasa wanalazimika kuchagua kati ya kuuza kwa hasara, kuomba muda mbele ya wazee wa bandari, au kuthubutu kupita kwenye tufani na kuhatarisha meli. Tulipoicheza upya na wenzangu, ubishi kuhusu deni ulichukua sehemu kubwa ya jioni, na hakuna aliyegusa silaha. Ninaamini makala ikawa bora kuliko ambavyo ningeweza kuifikisha peke yangu, na ni nadra kusema hivyo kuhusu mhariri.

Upande wa takwimu za mchezo nao unastahili kutajwa kwa kifupi. Kama ilivyo katika Traveller, kila sayari huandikwa kwa msimbo wa herufi na tarakimu unaotaja ubora wa bandari, ukubwa wa sayari, hewa, maji, idadi ya watu, aina ya serikali, ukali wa sheria na kiwango cha teknolojia. Mhariri wa takwimu hukagua kila tarakimu, na mwandishi asiyependa kazi hiyo atachoka.

Sasa mkataba. Malipo huhesabiwa kwa neno, kwa senti za dola, na hutolewa makala ikishachapishwa, si ikishakubaliwa. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa toleo la jarida linaweza kuahirishwa na mwandishi hana la kufanya ila kusubiri. Kwa kiwango cha senti nne kwa neno, makala ya maneno 1,500 huleta dola 60, fedha ambayo si ya kudharau lakini pia haiwezi kulipa kodi ya nyumba Kinondoni. Kubwa zaidi ni kwamba kampuni inachukua haki zote. Bandari niliyoibuni, majina yake na watu wake ni mali yao, na siwezi kuwatumia kwingine bila ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inatambua haki ya mwandishi kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ipo kwa ajili ya wabunifu wa nchi hii, lakini mkataba huu unafuata sheria ya nchi ya mchapishaji. Nilichofanya ni kuomba kifungu kinachonihakikishia jina langu juu ya makala, nacho kiliongezwa bila ubishi. Ningewashauri wengine waombe hivyo hivyo, na wasipeleke huko ulimwengu ambao wanauandalia riwaya yao wenyewe.

Malipo ndiyo udhaifu mkubwa wa huduma nzima. Kampuni huwalipa waandishi kupitia huduma moja ya mtandaoni ambayo akaunti yangu ya hapa haikuweza kupokea fedha kwayo, na hakuna mahali katika masharti yao palipotaja njia nyingine. Baada ya barua pepe za kwenda na kurudi walikubali kutuma kwa benki, ambako makato ya njiani yalikula sehemu ya ujira inayoonekana wazi katika kiasi kidogo namna hii. Sidhani kama kuna nia mbaya. Ni dalili tu kwamba utaratibu uliundwa bila kumfikiria mwandishi aliye nje ya Ulaya na Marekani, na kwa kampuni inayosema katika masharti yake kwamba inakaribisha sauti za dunia nzima, jambo hili lilipaswa kutangulia. Tumekubaliana kwamba ujira wa makala kadhaa utatumwa kwa pamoja ili makato yawe ya mara moja.

Asiyetaka kungoja mhariri ana njia nyingine, nayo ni mpango wa Travellers' Aid Society kwenye duka la mtandaoni la DriveThruRPG, ambako mwandishi huchapisha kazi yake mwenyewe kwa ajili ya Traveller na kubaki na nusu ya bei ya mauzo. Huko hakuna wa kukataa pendekezo lako, lakini pia hakuna wa kukuuliza nahodha aliyekwama na mzigo wa mali kauli atafanya nini, na uhariri, michoro na kutafuta wanunuzi vyote vinabaki mabegani mwako. Kwa anayeanza, ningemwelekeza kwanza kwenye jarida, kwa ajili ya mhariri yule. Atume pendekezo moja lililojaribiwa mezani, na katika barua hiyo hiyo aulize fedha zitamfikiaje Dar es Salaam, apate jibu la maandishi kabla ya kuanza rasimu.