Uzoefu Wangu na Vikaragosi vya Nyuzi vya Rajasthan Katika Kisa cha Fumo Liongo, Tanga

Kundi letu la maigizo hapa Tanga lilipoamua kupandisha jukwaani kisa cha Fumo Liongo, shujaa wa masimulizi ya kale ya Waswahili, nilipendekeza kwamba Liongo mwenyewe na wachezaji wa ngoma ya gungu wawe vikaragosi vya nyuzi, huku mama yake, mjakazi Saada na mwanawe aliyemsaliti wakiigizwa na watu. Liongo anachomwa sindano ya shaba kitovuni, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuuvuta upinde, kisha anakata roho katika hali hiyo hiyo, na mji mzima unakosa maji kwa kuwa hakuna anayethubutu kumsogelea. Mwigizaji hai, hata awe hodari kiasi gani, hupumua. Kikaragosi kilichoachwa tuli hakipumui, na wenyeji wa mji ule wanapokitazama kwa hofu, hofu yao inaaminika.

Vikaragosi vililetwa kutoka Jaipur, mji wa jimbo la Rajasthan nchini India, na jamaa wa mwenzetu, na vilifika salama. Namshauri anayetaka kununua aulize mapema kama anauziwa pambo la ukutani au chombo cha kuchezea, kwa maana madukani vyote viwili hufanana. Vyetu ni vya kazi: kichwa na kiwiliwili ni kipande kimoja cha mti wa mwembe, mikono ni kitambaa kilichoshindiliwa matambara, na mahali pa miguu pana sketi ndefu. Uzi mmoja unatoka utosini, unapita juu ya vidole vya mchezeshaji na kushuka hadi mgongoni. Mwingine unashika mikono. Hakuna kijiti cha kufungia nyuzi, kwa hiyo kila mtikiso wa kidole hufika moja kwa moja kwenye mwili wa kikaragosi, jambo ambalo wachezeshaji wetu walihitaji muda kulizoea lakini sasa hawataki kuliacha.

Katika karamu ya gungu vilinipendeza kuliko nilivyotarajia. Kifundo cha mkono kikizungushwa, sketi hujaa upepo na kikaragosi huzunguka kama pia, na hapo ndipo upatu na matari vinapopanda ili kuficha sauti ya tupa ambayo Liongo, aliyeletewa tupa hiyo ndani ya mkate, anakatia pingu zake. Huko Rajasthan, mchezeshaji hutia mdomoni kifilimbi kiitwacho boli, kinachompa kikaragosi sauti kali isiyo na maneno, na mara nyingi mkewe, aliyeketi na ngoma, huwafasiria watazamaji. Mpangilio huo tuliufuata kwa zumari letu, na mama mmoja wa makamo akawa mfasiri. Sauti ya zumari ilitosha kuwafanya watoto waliokaa mbele waanze kumjibu kikaragosi kabla mama huyo hajafungua kinywa.

Kasoro ya vikaragosi vya Jaipur ni kwamba havina miguu, na asiye na magoti hawezi kupiga goti. Kwa ajili ya Liongo tulitazama mapokeo ya vikaragosi ya Sicilia, kisiwa cha Italia, ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kule kikaragosi huongozwa kwa fito za chuma, mmoja wa kichwa na mwingine wa mkono wa kulia. Wale wa mji wa Catania ni wakubwa zaidi na magoti yao hayakunjiki, lakini wa mji wa Palermo, wenye kimo cha takriban sentimita 80, hukunja goti. Kwa hiyo tulifuata Palermo. Seremala wa mtaa wa Ngamiani hapa Tanga alimchonga Liongo wetu kwa mti wa mwembe vilevile, na ufito wa mkono wa kulia ukawa ndio unaouvuta upinde. Ni mzito, na mchezeshaji wake huhitaji kupumzika baina ya maonyesho.

Hewa ya bahari haina huruma kwa chuma, kwa hiyo fito hupakwa mafuta baada ya kila onyesho. Nyuzi za pamba zilizokuja na vikaragosi zilianza kulegea kwa unyevu, na tulipojaribu nailoni ya wavuvi ilimetameta chini ya taa. Uzi mweusi wa kusuka ndio uliofaa. Ukumbi nao uwe mdogo, maana katika safu za nyuma nyuso za vikaragosi vya Jaipur hazionekani vizuri.

Jambo tulilobishania sana lilikuwa kama mchezeshaji afichwe. Huko Rajasthan hukaa nyuma ya pazia. Kampuni ya vikaragosi ya Handspring ya Cape Town, iliyoanzishwa mwaka 1981, imekwisha kuonyesha kwamba mchezeshaji akionekana hampunguzii kikaragosi uhai. Wachezeshaji wa karamu tuliwaficha nyuma ya pazia la kaniki, ila wa Liongo tulimwacha wazi mwanzo hadi mwisho. Pale kisimani anazining'iniza fito kwenye ndoano iliyo juu, anaachia mikono, na anaondoka jukwaani mbele ya watu wote. Watazamaji wanajua kwamba Liongo amekufa, lakini wenye kiu wanaosimama mbali na ndoo zao hawajui, na mama yake anaanza kumbembeleza.

Kwa wachezaji wa gungu nitaagiza tena Jaipur bila kusita, ila Liongo mwingine, akihitajika, nitamchongesha Ngamiani.